Kumfundisha Kusoma na Kuandika Kiingereza Mtoto Ambaye Si Lugha Yake ya Kwanza: Mwongozo kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Mtoto anayejifunza kusoma kwa lugha aliyokua nayo huingia darasani akiwa tayari na maelfu ya maneno kichwani, na kazi ya mwalimu ni kumwonyesha namna maneno hayo yanavyokaa kwenye karatasi. Mtoto anayejifunza kusoma Kiingereza ikiwa ni lugha yake ya pili au ya tatu hana akiba hiyo. Anaweza kulisoma neno "tap" bila kukosea sauti hata moja, na bado asijue kama amepatia au amekosea, kwa sababu hajawahi kulisikia likitamkwa na mtu yeyote. Mwongozo huu kwa hiyo umejengwa juu ya kanuni moja ambayo nimeishika tangu nilipoanza kuwafundisha watoto wa aina hii: mtoto asitakiwe kusoma wala kuandika Kiingereza ambacho hajakisikia na kukitamka kwanza, na lugha yake ya nyumbani itumike kama ngazi, si kama kosa la kufutwa. Mifano mingi nimeitoa kwa mtoto anayezungumza Kiswahili. Mwenye wanafunzi wa lugha nyingine ataibadilisha kulingana na lugha hizo.

Hatua ya kwanza: jua mtoto amekuja na nini

Kabla ya kufungua kitabu chochote cha Kiingereza, tenga dakika kumi na kila mtoto, umpe aya fupi iliyoandikwa kwa lugha yake na umwombe aisome kwa sauti. Hata kama huijui lugha hiyo, utaona kama macho yake yanafuata mstari, kama anasita katika kila herufi, na kama anaweza kukueleza, kwa maneno au kwa ishara, habari aliyoisoma. Zoezi hili dogo hutenganisha makundi mawili ambayo walimu wengi huyachanganya. Mtoto anayesoma vizuri lugha yake anajua tayari kwamba herufi husimama badala ya sauti, kwamba nafasi hutenganisha neno na neno, na kwamba maandishi yana maana ya kutafutwa. Hayo hahitaji kufundishwa mara ya pili. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alieleza mwaka 1979 kwamba stadi za kusoma na kufikiri kitaaluma katika lugha mbili za mtu mmoja husimama juu ya msingi mmoja, kwa hiyo kilichojengwa katika lugha moja huisaidia nyingine. Mtoto asiyesoma lugha yoyote, kwa upande mwingine, anabeba mizigo miwili kwa pamoja: kujifunza kusoma ni nini, na kujifunza lugha asiyoijua. Pale inapowezekana, afundishwe kwanza kusoma kwa lugha anayoizungumza. Pasipowezekana, punguza mwendo na umwongezee muda wa mazungumzo.

Jambo jingine la kuangalia mapema ni tofauti kati ya Kiingereza cha uwanjani na Kiingereza cha vitabu. Cummins alionyesha kuwa mtoto huweza kuzungumza na wenzake kwa ufasaha ndani ya takribani miaka 2, lakini lugha ya masomo huhitaji miaka 5 hadi 7 kufikia kiwango cha wenzake waliozaliwa nayo. Mwalimu anayemsikia mtoto akibishana kwa Kiingereza safi wakati wa mapumziko huhitimisha kwamba hahitaji msaada tena, na hapo ndipo mtoto huanza kuachwa nyuma bila mtu kugundua.

Hatua ya pili: masikio na mdomo kabla ya kalamu

Katika wiki za mwanzo baadhi ya watoto hawatasema kitu. Usiwalazimishe, wala usihesabu ukimya huo kuwa ni ujinga, kwa kuwa wanakusanya. Wape nafasi ya kuonyesha kwamba wameelewa bila kusema: "stand up", "touch the door", "put your pen under the book". Mbinu hii ya amri na vitendo, ambayo mwanasaikolojia Mmarekani James Asher aliianza katika miaka ya 1960, inafaa sana kwa watoto wadogo, kwa sababu mwili hujibu kabla ulimi haujawa tayari, na mwalimu huona papo hapo nani ameelewa na nani anamwiga jirani yake.

Baada ya hapo wape vipande vizima vya lugha badala ya maneno ya pekee. Kiunzi cha "I can see a…" kikirudiwa kwa picha kumi humpa mtoto sentensi kumi sahihi, pamoja na ule utangulizi mdogo "a" ambao Kiswahili hakina na ambao hatauelewa kwa kuelezwa. Dakika kumi na tano za mazungumzo ya namna hii kila siku zina faida kubwa kuliko saa nzima mara moja kwa wiki.

Katika kipindi hicho hicho zoeza sikio kutofautisha sauti ambazo lugha ya mtoto haizitofautishi. Kiswahili kina irabu 5 tu, ilhali Kiingereza, kwa matamshi ya kusini mwa Uingereza, kina sauti za irabu zipatazo 20. Kwa mtoto anayezungumza Kiswahili, "ship" na "sheep" ni neno moja, na "cat", "cut" na "cart" vilevile. Tundika picha ya meli upande wa kulia wa ubao na ya kondoo upande wa kushoto, tamka neno moja, na watoto waelekeze kidole. Mwanzoni nusu yao watakosea, na hilo si tatizo. Asiyesikia tofauti hawezi kuiandika, kwa hiyo usianze kumsahihisha tahajia ya maneno hayo mpaka kidole chake kianze kupatia.

Hatua ya tatu: sauti na herufi zake

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na nitakaa hapa kwa muda mrefu kidogo. Mwalimu aliyejifunza kusoma kwa silabi, ba be bi bo bu, huwa na mwelekeo wa kufundisha Kiingereza kwa njia hiyo hiyo. Kwa Kiswahili njia hiyo inafanya kazi vizuri sana, kwa sababu silabi nyingi huishia kwa irabu na kila irabu husomwa namna moja daima. Kiingereza kina herufi 26 zinazobeba sauti zipatazo 44, silabi zake nyingi hufungwa na konsonanti, na irabu moja huweza kusomwa kwa namna tano. Inabidi mtoto afundishwe sauti moja moja, kisha namna ya kuziunganisha.

Anza na kundi dogo la herufi zinazozaa maneno mengi haraka. Herufi s, a, t, p, i na n hutumiwa na walimu wengi kwa sababu sita hizo pekee hutoa "sat", "sit", "tap", "tip", "pan", "pin", "tin", "nap" na mengine kadhaa, kwa hiyo ndani ya wiki mbili mtoto anasoma maneno halisi. Tamka konsonanti bila kuiwekea irabu mkiani. Hili ni gumu kwetu tuliozoea maneno yanayoishia kwa irabu, lakini ndilo linaloamua kila kitu: mtoto aliyefundishwa "si, a, ti" ataunganisha akapata "siati" na hatakaa alione neno "sat" ndani yake. Jizoeze nyumbani kuitoa t kwa pumzi tu, kama mtu anayezima mshumaa kwa ncha ya ulimi.

Kwa kuunganisha na kupambanua sauti, chora visanduku mraba kwenye karatasi na umpe mtoto kokoto au vizibo vya chupa. Mbinu hii inatokana na kazi ya mwanasaikolojia wa Kisovieti Daniil Elkonin. Unatamka "ship" polepole, naye anasukuma kizibo kimoja ndani ya kisanduku kwa kila sauti anayoisikia: sh, i, p. Vizibo vitatu, ingawa herufi ni nne. Baadaye anaandika herufi ndani ya visanduku hivyo, na anajionea mwenyewe kwamba "sh" hukaa pamoja katika kisanduku kimoja.

Usisahau kumwonyesha mtoto kwamba sauti nyingi anazo tayari. Ch ya "chin" ni ile ya cheka, sh ya "shop" ni ile ya shuka, na mlio wa mwisho wa "sing" ni ule anaouanza nao neno ng'oa. Sauti mbili zinazowatesa wanafunzi wa lugha nyingi duniani, za "thin" na "this", zimo katika thamani na dhahabu; tofauti ni kwamba Kiswahili huziandika kwa herufi mbili tofauti, na Kiingereza huziandika zote kwa th. Maneno yaliyoingia Kiswahili kutoka Kiingereza nayo ni akiba: basi, penseli, sketi, blanketi, baiskeli. Mtoto akiliona neno "bus" anakuwa na maana yake mkononi, na kazi inayobaki ni kulivua ile irabu ya mwisho. Herufi zinazohitaji maelezo ya ziada ni c inapokaa peke yake, q na x, kwa kuwa tahajia ya Kiswahili haizitumii.

Kisha inakuja e bubu, ambayo ndiyo mtego mkubwa kuliko yote kwa msomaji wa Kiswahili. Andika ubaoni maneno haya matano: "mate", "pale", "wake", "pole", "tone". Mwombe mtoto ayasome, na atayasoma bila kusita, kwa sababu yote ni maneno ya Kiswahili yenye maana kamili. Sasa mwambie kwamba yote ni maneno ya Kiingereza pia, ya rafiki, rangi iliyofifia, kuamka, mlingoti na mlio, na kwamba katika Kiingereza ile e ya mwisho haitamkwi, bali huiambia irabu iliyo kabla yake itaje jina lake la alfabeti. Nimelitumia somo hili mara nyingi, na kila mara naona nyuso zikibadilika, kwa kuwa mtoto hugundua kwamba maandishi yale yale husomwa kwa kanuni mbili tofauti na kwamba yeye anaweza kuzishika zote mbili. Tangu hapo, anapokosea, huhitaji kumfokea, unamwuliza tu, "Umesoma kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?" naye hurudi na kujirekebisha. Fuatisha kwa jozi za "cap" na "cape", "kit" na "kite", "hop" na "hope", zisomwe na kuandikwa mpaka zizoeleke.

Hatua ya nne: maneno yasiyofuata kanuni

Maneno kama "the", "was", "said" na "of" hayasomeki kwa sauti za kawaida, na hayasubiri, kwa maana yamo katika kila ukurasa. Mwaka 1936 Mmarekani Edward Dolch alikusanya orodha ya maneno 220 yanayojirudia sana katika vitabu vya watoto, bila kuhesabu nomino, na orodha za aina hiyo bado zinasaidia. Fundisha matatu au manne kwa wiki, daima ndani ya sentensi, na onyesha ni sehemu gani ya neno inayokaidi. Katika "said", s na d zinatii kabisa. Kinachohitaji kukumbukwa ni "ai" tu. Kukariri umbo zima la neno kama picha humchosha mtoto bure.

Hatua ya tano: kusoma kwa kuelewa

Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walieleza usomaji kama zao la kuzidisha: uwezo wa kutambua maneno mara uwezo wa kuelewa lugha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata kingine kiwe kikubwa namna gani. Watoto wetu wengi hufikia hali ya kutisha ya kusoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri, na hata kupigiwa makofi, bila kuelewa mstari mmoja.

Kwa kuchagua kitabu, kipimo kilichoenezwa na Marie Clay wa New Zealand ni rahisi: katika maneno 100, mtoto akisoma sawasawa 95 au zaidi, kitabu hicho anaweza kukisoma peke yake, kati ya 90 na 94, kinafaa kwa kufundishia, chini ya 90, ni kigumu mno. Lakini kwa mwanafunzi wa lugha ya ziada namba hiyo peke yake hudanganya. Lazima umwulize maana, na umruhusu ajibu kwa lugha yake ya nyumbani kama kuna mtu wa kumsikiliza. Mtoto anayeisimulia hadithi vizuri kwa lugha yake amesoma na ameelewa. Anachokosa ni Kiingereza cha kusemea. Asiyeweza kuisimulia kwa lugha yoyote hajaelewa. Hao ni watoto wawili wenye mahitaji tofauti kabisa, ingawa wote wawili hunyamaza unapowauliza swali kwa Kiingereza.

Kabla ya kusoma, fundisha maneno matano au sita tu. Walimu huchagua nomino, lakini nomino huonekana kwenye picha. Maneno yanayoangusha ufahamu ni yale madogo yasiyochoreka: "until", "instead", "although", "unless". Yafundishe kwa vitendo na kwa tafsiri, bila kuona haya kutafsiri. Zingatia pia viwakilishi. Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa mwanamume na mwanamke, na kwa kawaida nafsi hufichwa ndani ya kitenzi. Mtoto akikutana na "he gave it to her" huweza kupoteza kabisa nani alimpa nani nini. Chora mishale kutoka kila kiwakilishi hadi jina linalowakilishwa, na hadithi iliyokuwa giza itafunguka.

Soma hadithi moja mara tatu kwa siku tofauti. Mara ya kwanza soma wewe, watoto wasikilize huku wakiangalia picha. Mara ya pili someni pamoja, ukisimama kuuliza kinachofuata. Mara ya tatu wasome wawili wawili. Hadithi moja iliyosomwa namna hii inafundisha zaidi ya tatu zilizopitiwa mbio.

Hatua ya sita: kuandika

Uandishi uanzie mdomoni. Mtoto akiambiwa "andika insha kuhusu familia yako" bila maandalizi, atanakili chochote kilichopo ubaoni. Badala yake, mwambie akueleze jambo moja lililotokea, kwa mchanganyiko wa lugha anaouweza, kisha mkubaliane sentensi tatu za Kiingereza, uziandike kwa maneno yake mwenyewe, naye azisome. Zikate ziwe vipande, avipange upya, azinakili, kisha aongeze sentensi ya nne peke yake. Hiki huwa ndicho kitabu chake cha kwanza, na hukisoma bila shida kwa sababu anajua kilichomo.

Imla fupi ya sentensi moja kila siku huunganisha sikio, sauti na mkono. Isome mara mbili kwa mwendo wa kawaida, watoto wairudie kwa sauti, wahesabu maneno kwa vidole, ndipo waandike. Mtoto aliyezoea maandishi yanayotoka kulia kwenda kushoto apewe mazoezi ya mwandiko kwa wiki kadhaa za ziada, na nukta ya kijani iwekwe pale mstari unapoanzia.

Kuhusu kusahihisha, nitatoa mfano mmoja. Mtoto ameandika: "Yesterday my grandmother she come. She bring bag big. I hear happy. We sitted outside." Kalamu nyekundu ingeweza kuufunika ukurasa huu wote. Utazame upya. "Grandmother she come" ni kivuli cha "bibi alikuja", ambapo kiambishi cha nafsi hakiachwi hata jina likiwapo. "Bag big" ni mpangilio wa "mfuko mkubwa". "I hear happy" ni "nilisikia furaha". Na "sitted" ni habari njema, kwa maana inaonyesha kwamba mtoto ameishika kanuni ya -ed na ameitumia bila kuambiwa. Atajifunza "sat" kwa wakati wake. Kwanza jibu ujumbe, kwa mdomo, ukimrudishia umbo sahihi: "Your grandmother came! And she brought a big bag?" Kisha chagua jambo moja tu la kumfundisha, na mimi ningechagua mpangilio wa "big bag", kwa sababu ni kanuni fupi inayorekebisha sentensi nyingi kwa mara moja. Andika "mfuko mkubwa" na "big bag" pamoja, chora mishale inayopishana, na umwache atafute mifano mingine mitano darasani. Mengine yaandike kwenye daftari lako kwa masomo yajayo.

Umbo la -ed lenyewe lifundishwe kwa sikio kabla ya tahajia, kwa kuwa husikika kama t katika "walked", d katika "played", na silabi nzima katika "wanted". Mtoto anayeandika "walkt" amesikia vizuri, na anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kuonyeshwa namna linavyoandikwa.

Hatua ya saba: kumbukumbu za maendeleo

Weka faili la kila mtoto lenye ukurasa mmoja wa maandishi yake kwa kila mwezi na orodha ya sauti anazozijua, zikiwa na tarehe. Usimlinganishe na mwenzake aliyezaliwa na Kiingereza. Mlinganishe na ukurasa wake wa mwezi uliopita. Miezi mitatu ikipita bila mabadiliko yoyote, rudi kwenye lugha yake ya kwanza: asome na asimulie kwa lugha hiyo. Tatizo likionekana huko pia, huenda si la Kiingereza, na mtoto apimwe macho na masikio kabla ya kuongezewa mazoezi.

Wazazi wakikuuliza kama waache kuzungumza lugha yao nyumbani, waambie wasiache. Wamsomee na kumsimulia kwa lugha wanayoijua vizuri, wamwulize kwa nini mhusika alifanya alivyofanya na nini kingetokea kama angefanya vingine. Ukiwa na nafasi, wape kila Ijumaa muhtasari wa hadithi ya wiki ijayo ili waizungumze na mtoto kwa lugha yao mapema; Jumatatu ataingia darasani akiijua habari, na atakachokuwa anakitafuta kwenye ukurasa ni maneno yake tu.